Kabla Hujatuma Hiyo Imeili, Kumbuka 1959

Wasee, mwezi jana nilikaa saiba moja hapa Migori nikatuma imeili 22 za kuomba atachimenti. Zote zilianza "Kwa anayehusika." Majibu? Sifuri. Nikalaumu serikali, nikalaumu hata netiweki.

Halafu nikamkumbuka Barack Obama Senior, mtoto wa pande za Kendu Bay, Homa Bay. Miaka ya 1950 alikuwa karani Nairobi. Maseno hakumaliza. Kwa makaratasi, manze, hakuwa na kitu. Lakini hakuanza na barua. Kwanza alisoma kozi kwa njia ya posta, akafanya mtihani, akapita. Ndipo akaanza kuandikia vyuo vya Marekani, barua baada ya barua. Hebu fikiria: stempu, kisha kungoja wiki na wiki. Mwishowe Chuo Kikuu cha Hawaii kikamkubali, akaondoka 1959.

Na tusidanganyane, si kalamu peke yake. Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyefanya kazi ya kisomo cha watu wazima Nairobi, alimshika mkono.

Mwaka huo huo Tom Mboya, ambaye kwao ni Rusinga, alikuwa na shida nyingine. Wanafunzi walikuwa na nafasi vyuoni Marekani, nauli hawana. Mboya alizunguka huko akihutubia watu. Kisha ikatumwa barua ya kuomba mchango, yenye sahihi za Jackie Robinson, Harry Belafonte na Sidney Poitier. Ombi lilieleweka: saidia vijana hawa wafike shuleni. Septemba 1959, wanafunzi 81 wakapanda ndege.

Ninavyoona mimi, barua zao zilijibiwa kwa sababu msomaji alijua mambo matatu: nani anaomba, amefanya nini tayari, na anataka nini hasa. Zangu 22 hazikuwa na hata moja.

Kwa hivyo niliandika upya, tatu tu. Kila moja kwa mtu mwenye jina. Nikaweka linki ya video zangu, nikataja tarehe ninayoweza kuanza. Wiki ikapita kimya, nikakumbushia kwa heshima.

Moja imejibiwa: "Hatuna nafasi sasa. Tuandikie tena Januari."

Ndio, ni hapana. Lakini ni hapana yenye jina la mtu na mwezi. Januari iko kwa kalenda yangu tayari. Wewe yako unamwandikia nani?