Mayumba Kumi na Panda Gari: Jirani Anamlinda Nani?



Kila panapotokea wizi katika mitaa yetu ya Kampala, simu ikaporwa au bodaboda ikachukuliwa na mwenyewe kuumizwa, baada ya sala husikika kauli mbili. Moja inasema waletwe watu wenye bunduki, vijana hawa watie adabu. Ya pili inasema zamani haikuwa hivi, jirani alimjua jirani. Kauli zote mbili zimeshajaribiwa katika mji huu, tena si mara moja, na vijana wetu hawajasimuliwa yaliyotokea. Tumeona tuwaandikie, japo kwa ufupi.

Wazee wanalikumbuka neno kondo. Katika miaka ya 1960 ndivyo walivyoitwa majambazi wa silaha waliovamia nyumba na kupora magari, na hofu yao ilikuwa kubwa. Idi Amin alipochukua madaraka tarehe 25 Januari 1971, aliahidi kuwamaliza. Mwaka huo huo jeshi likapewa kwa amri uwezo wa kukamata raia, na kikaundwa kikosi cha Public Safety Unit, makao yake Naguru, chini ya Ali Towelli. Mwaka 1972 ikaja amri nyingine iliyoruhusu askari kumpiga risasi mtu anayeshukiwa kuwa mwizi wa mabavu. Kwa mtu aliyekwisha kuvunjiwa mlango usiku, habari hii ilikuwa njema.

Lakini anayeshukiwa ni nani? Hilo ndilo swali ambalo amri ile haikulijibu. Aliyekuwa na ugomvi wa kiwanja, aliyekuwa na gari zuri, aliyetajwa na mtu mwenye husuda, wote waliweza kuitwa kondo. Kikosi kilichoundwa kuwakinga watu na majambazi kikawa chenyewe kinaogopwa kuliko majambazi. Na sisi Waislamu tulikuwa na hasara ya pili: kwa kuwa wakubwa wengi wa vyombo vile walikuwa na majina kama yetu, utawala ulipoanguka wapo Waislamu wasio na hatia waliouawa kwa kulipizwa, kama ilivyotokea kule Ankole mwaka 1979.

Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na vita vilipoisha bunduki zilikuwa zimesambaa kila kona. Watu waliuawa usiku majumbani mwao, na hapakuwa na polisi wa kutegemewa. Ndipo serikali ya UNLF ilipoleta utaratibu ulioigwa kutoka Tanzania, ambako chama cha TANU kilikuwa kimeuanzisha katika miaka ya 1960: kila nyumba kumi ziwe na kiongozi wao. Kwa Kiswahili sanifu ni nyumba kumi, na mwalimu yeyote angesahihisha, lakini watu wa Uganda wakasema mayumba kumi na mpaka leo ni mayumba kumi. Kiongozi huyu aliishi hapo hapo. Alijua nani kahamia, nani ana mgeni, kijana wa nani harudi nyumbani usiku. Sukari, chumvi na sabuni zilikuwa adimu, nazo ziligawiwa kupitia kwake, kwa hiyo hapakuwa na familia asiyoijua.

Kazi ya mlinzi ilikuwa nzuri, lakini haikudumu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 1980, serikali ya pili ya Obote iliwageuza wajumbe hawa kuwa watu wa chama cha UPC. Vita vya msituni vilipoanza mwaka 1981, mjumbe yule yule aliyejua nani ana mgeni sasa aliulizwa swali lile lile na watu wengine, kwa nia nyingine. Wanajeshi walizingira mtaa alfajiri, watu wakatolewa nje, wakaonyeshwa kidole, kisha wakaambiwa kwa Kiswahili: panda gari. Waliopanda malori yale, wengi hawakurudi. Msako wenyewe ukaitwa hivyo, panda gari, na tunaofundisha Kiswahili mjini hapa tunajua maneno hayo yalivyoigharimu lugha yetu. Wapo wazee wanaosikia Kiswahili wakakumbuka buti mlangoni. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 na kukifanya lugha rasmi ya pili, hofu hiyo haikufutika kwa kalamu.

Tutazame jambo hili kwa makini, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Mjumbe wa mwaka 1979 na wa mwaka 1982 walikuwa na kazi moja, pengine hata mtu alikuwa mmoja. Kilichobadilika ni yule anayemtolea hesabu. Mwanzo aliwajibika kwa majirani wa nyumba zake kumi. Baadaye akawajibika kwa ofisi ya juu, na majirani wakawa ndio mzigo anaoupeleka huko.

Utawala wa NRM ulipoingia Kampala Januari 1986, kamati za RC zilizoanzia msituni zikaletwa kila mtaa. Watu wazima wote wa mtaa walikusanyika, wagombea wakasimama, kila mtu akapanga foleni nyuma ya amtakaye, watu wakahesabiwa mchana kweupe. Kamati ilikuwa ya watu tisa, na mmoja wao alishika usalama. Mwizi akikamatwa alipelekwa kwa mwenyekiti kabla umati haujamwahi, na hilo si jambo dogo katika mji ambao mpaka leo mtu anaweza kupigwa mpaka kufa kwa sababu ya kuku. Mwaka 1988 kamati zikapewa mahakama zao za mtaa, na sheria ya sasa ya mwaka 2006 inaziruhusu kupatanisha, kuamuru fidia, kuamuru kuomba radhi na kuonya. Kwa familia zetu hili si geni. Ni sulhu ile ile ambayo masheikh wamekuwa wakiifanya barazani, isipokuwa ina muhuri.

Jina likabadilika kutoka RC kuwa LC, na kwa muda mambo yakaenda. Kisha uchaguzi ukakoma. Baada ya mwaka 2001 mwenyekiti wa LC1 hakuchaguliwa tena mpaka tarehe 10 Julai 2018. Ni miaka 17, mzazi! Mtoto aliyezaliwa siku ya uchaguzi ule alimaliza madrasa bila kuona mwingine. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba ilisema kamati hizo hazina uhalali, lakini barua za utambulisho ziliendelea kuandikwa na kupigwa muhuri, na mahali pengi kulipiwa. Wenyeviti wengine walizeeka, wengine walihama, wengine walifariki.

Na pengo halikai tupu. Mwaka 2002 ujambazi wa silaha ulipozidi, serikali ilianzisha Operesheni Wembley chini ya afisa wa jeshi Elly Kayanja. Washukiwa wengi walipigwa risasi, mji ukatulia kidogo, watu wakashangilia. Operesheni ile ikazaa kikosi cha VCCU, kikazaa RRU chenye makao Kireka, na mwaka 2011 shirika la Human Rights Watch likatoa ripoti nzima juu ya mateso ya watu waliokuwa wameshikiliwa huko. Kikavunjwa mwaka huo huo. Wasomaji wataona inafanana na ile ya Naguru. Karibu na uchaguzi wa 2016 wakaja vijana walioitwa Crime Preventers, ambao polisi walidai wamewaandikisha kwa mamilioni. Hawa walikuwa vijana wa mitaani kwetu, tuliwajua kwa majina, lakini waliowaandikisha hawakuwa majirani na hakuna jirani aliyeweza kuwaondoa. Kuhusu kamera zilizofungwa barabarani miaka ya karibuni hatuna mengi: kamera inaweza kumwona kijana akikimbia na mkoba, haiwezi kujua kwamba ameacha shule tangu mwezi jana.

Mwenyekiti wa mtaa anaweza kulijua hilo, pamoja na katibu wake wa usalama na mwalimu wa madrasa, kama wanakutana. Kwa hiyo tunawaomba wazazi mjue majina ya wote waliomo katika kamati yenu ya LC1, siyo mwenyekiti peke yake, na mjue pia ni lini walichaguliwa. Waliochaguliwa Julai 2018 walipewa miaka 5. Muda huo ulipokwisha mwaka 2023, watu hawakuitwa kupanga foleni, waliongezewa muda.