Usalama wa Taifa katika Ununuzi wa Kampuni: Heliamu ya Bonde la Rukwa

Mapitio ya ununuzi wa kampuni kwa ajili ya usalama wa taifa ni mamlaka ya serikali ya kumkagua mgeni anayetaka kununua kampuni ya nchini, au hisa za kutosha kuiongoza, na kumzuia pale ununuzi huo unapohatarisha ulinzi, miundombinu nyeti au rasilimali adimu. Marekani iliunda kamati ya kazi hiyo mwaka 1975, na sheria ya Uingereza ilianza kutumika Januari 2022.

Nchini Tanzania jukumu hilo halikukabidhiwa chombo kimoja, na mfano wake uko chini ya Lyamba lya Mfipa, genge kubwa ambapo uwanda wa juu wa Ufipa, wenye mji wa Sumbawanga, hushukia Bonde la Ziwa Rukwa. Mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham, wakishirikiana na kampuni ya Helium One, walitangaza kuwa bondeni humo mna heliamu, gesi iliyozalishwa na miamba ya kale na kutolewa humo na joto la Bonde la Ufa. Gesi hiyo hupoza sumaku za mashine za MRI hospitalini, hutumika katika roketi na katika kutengeneza chipu za kompyuta, na Marekani ilianza kujiwekea akiba yake tangu mwaka 1925. Si bidhaa ya kawaida.

Sheria mbili za mwaka 2017 zilitamka kuwa maliasili ni mali ya wananchi chini ya udhamini wa Rais, zikalipa Bunge uwezo wa kutaka mikataba yenye masharti hasi, yaani yanayoinyonya nchi, ijadiliwe upya. Mwaka huohuo Sheria ya Madini iliipa serikali angalau asilimia 16 ya hisa zisizofifishwa katika uchimbaji wenye leseni, maana yake hisa isizozilipia na ambazo hazipungui hata mtaji ukiongezwa. Tume ya Ushindani nayo, kwa sheria ya mwaka 2003, hupima miungano ya kampuni, lakini kipimo chake ni nguvu katika soko, si usalama.

Pengo liko hapo. Hisa za Helium One zimekuwa zikiuzwa London tangu Desemba 2020, na asilimia 16 huihakikishia nchi fungu lake bila kusema nani ashike fungu lililobaki. Heliamu ya Rukwa inastahili sheria inayomkagua mnunuzi mwenyewe kabla hisa hazijawa zake.