Si Ugunduzi Tu, ni Utambuzi

Kamati moja ya istilahi imetupa "ugunduzi wa skrini" kuwa jina la kazi yote ambayo kiendeshaji cha michoro hufanya skrini inapochomekwa. Kila nilisomapo linanikera, maana limemeza neno lililo bora kuliko lenyewe.

Kugundua ni kukuta kilichokuwa hakijulikani. Wazee walilitumia hata kwa kumfumania mtu. Kutambua ni kujua kilicho mbele yako ni kipi. Tazama ukoo wake: tambulika, tambulisha, utambulisho, kitambulisho. Na kitambulisho ndicho hasa skrini inachobeba. Kitambulisho hicho ni EDID, iliyotolewa na VESA, shirika la viwango vya skrini, mwaka 1994. Sehemu yake ya msingi ni baiti 128 zenye herufi tatu za mtengenezaji, mwaka wa kuundwa na vipimo vya picha. Baiti ya mwisho ni ya kuhakiki kwamba nyingine zimefika salama.

Pini ya 19 ya HDMI ikipata umeme, hiyo ni hodi. Kiendeshaji kimejua kuna mgeni, hakijajua ni nani. Hapo tu ndipo naridhia neno ugunduzi. Kisha kinasoma baiti zile, na huo ni utambuzi. Zikifika zimeharibika, skrini imegunduliwa bila kutambuliwa, na mwenye skrini ya 1920 kwa 1080 huenda akabaki na 1024 kwa 768. Kosa la pili ni tofauti kabisa: kiendeshaji cha Intel katika Linux kiliwahi kudhani Mac mini ina paneli ya ndani ya LVDS, ilhali kompyuta hiyo haina skrini yake. Wasanidi wakalazimika kuiorodhesha pamoja na mashine nyingine za namna hiyo ili zirukwe. Huo ndio ugunduzi uliokosea. Kamati imeyapa makosa yote mawili jina moja, na fundi atatafuta dawa ya hili kwenye lile.

Wapo pia wanaoshikilia "ung'amuzi". Kung'amua ni kufumbua kilichofichika. Skrini haijifichi, inajitaja yenyewe.

Kwa matumizi: katika Linux, ugunduzi ukikwama weka video=HDMI-A-1:e kwenye vigezo vya kuwashia kerneli, ukitaja tundu lako; utambuzi ukikwama, kipe kiendeshaji faili la EDID kwa drm.edid_firmware.

Watafsiri wa programu, msisubiri toleo jipya la kamusi. Penye kusomwa EDID, andikeni utambuzi.