Ung'arishaji wa meno

Ung'arishaji wa meno ni tiba ya kupunguza rangi ya njano au kahawia ya meno kwa peroksidi. Daktari wa meno kwanza huondoa ugaga na kuziba matundu, kisha hukinga fizi na kupaka jeli ya peroksidi ya hidrojeni, kwa kawaida ya asilimia 25 hadi 40. Jeli hupenya enameli na kuvunja chembe za rangi. Njia ya nyumbani, iliyoelezwa na madaktari wa meno Haywood na Heymann mwaka 1989, hutumia jeli hafifu ndani ya trei inayovaliwa usiku.

Madoa ya kahawa, chai na tumbaku hukaa juu ya jino. Mengi hutoka kwa kusafishwa tu. Madoa ya floridi, yanayofahamika sana Arusha na Kilimanjaro, yamo ndani ya enameli na ni sugu.

Tiba haibadilishi rangi ya meno bandia, na jino laweza kusisimka kwa baridi kwa siku chache. Kusugua kwa mkaa au limau ni hatari: enameli ikilika haioti tena.