Kabla ya hifadhi palikuwa na ugomvi wa magari

Julai 2025, video iliyopigwa Kogatende, kaskazini mwa Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ilizunguka dunia nzima. Watalii wameshuka kwenye magari na kujipanga ukingoni mwa Mto Mara, huku nyumbu wanaovuka wakikosa pa kupandia. Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, lilikemea na kuwakumbusha waongoza watalii sheria zao. Mitandaoni lawama zote zilimwangukia dereva.

Mwaka 2026 Serengeti inatimiza miaka 75 tangu itangazwe kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1951. Hotuba za sherehe zitawataja nyumbu, simba na fedha za kigeni. Gari huenda lisitajwe, ingawa swali la namna ya kuliendesha porini lina umri mkubwa kuliko hifadhi yenyewe, na ndilo lililosaidia kuizaa.

Sisi wa Mwanza tuna haki ya kulisemea jambo hili. Geti la Ndabaka liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, mbele kidogo ya Lamadi, kilomita chache tu kutoka Ghuba ya Speke. Ukiingia hapo unakanyaga udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao kiangazi hupasuka na masika humeza tairi hadi kwenye ekseli. Gari likiacha njia, tairi huacha mifereji, na mvua inayofuata hupitisha maji humohumo na kuichimba zaidi. Dereva wa pili huikwepa kwa kupita pembeni, wa tatu naye hukwepa za wawili hao, na kabla msimu haujaisha njia moja imekuwa tatu.

Habari nyingi za zamani humu nimezitoa kwenye vitabu viwili. Cha kwanza ni wasifu wa Denys Finch Hatton ulioandikwa na Sara Wheeler mwaka 2006. Cha pili ni kumbukumbu za Myles Turner, askari mkuu wa wanyamapori aliyeitumikia Serengeti kuanzia 1956 hadi 1972, kilichotoka mwaka 1987 mwenyewe akiwa ameshafariki.

Mwaka 1913 Mmarekani Stewart Edward White aliingia nyika za Serengeti kwa miguu, akitokea Nairobi na wapagazi wake. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza yalikuja magari, na kila kitu kikabadilika. Safari ya wiki nyingi ikawa ya siku chache. Nyika ile haina miti mingi ya kumzuia dereva, na kiangazi ni ngumu kama sakafu. Mtu aliweza kukata moja kwa moja kumfuata mnyama aliyemwona kwa darubini.

Tena simba wa Serengeti hawakuliogopa gari. Hulitazama kama kitu kimoja kisicho na miguu, na maadamu aliyemo ndani hashuki, hawajishughulishi naye. Wapiga picha waliligundua hilo mapema. Martin na Osa Johnson, mume na mke kutoka Marekani, walilitumia katika filamu yao ya simba iliyotoka mwaka 1928. Wengine walifunga mzoga wa punda milia nyuma ya lori na kuuburuza, simba wakafuata kama mbwa wa nyumbani.

Tabia hiyohiyo ndiyo iliyowaua. Matajiri kutoka Ulaya na Marekani walimsogelea simba aliyelala kivulini, wakamlenga wakiwa wamekaa kitini, kisha wakahamia kwa mwingine. Halikuwa windo, maana mwindaji hakuchoka wala hakuhatarisha chochote.

Hapo ndipo anapoingia Finch Hatton. Alikuwa mtoto wa ukoo wa makabaila wa Uingereza, aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1911 na baadaye kupata riziki kwa kuwaongoza matajiri porini. Wasomaji wengi wanamjua kupitia kitabu cha Karen Blixen cha mwaka 1937, au filamu iliyotokana nacho. Mwaka 1928 alimwongoza mrithi wa kiti cha enzi cha Uingereza, Edward, aliyekuwa Mwanamfalme wa Wales. Kwa kazi hiyo alisikilizwa London kuliko mwindaji mwingine yeyote wa Nairobi.

Alilitumia sikio hilo. Katika gazeti la The Times aliandika dhidi ya mauaji ya simba kwa kutumia magari Serengeti, akaituhumu serikali ya Tanganyika kwamba imelala. Juni 1929 alirudi na makala nyingine, safari hii akiwaonyesha wasomaji simba waliotulia mbele ya gari. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: simba anayekuruhusu umsogelee kiasi hicho apigwe picha, asipigwe risasi.

Dar es Salaam hawakufurahi. Katibu Mkuu wa Serikali ya Tanganyika, Douglas Jardine, hakuwa mtu wa kunyamaza. Alishaandika kitabu kizima kuhusu vita vya Waingereza na Sayyid Mohamed Abdulle Hassan wa Somalia, na kalamu yake ilikuwa kali. Alijibu katika gazeti lilelile akiitetea serikali yake, na Finch Hatton akajibu tena. Mwanabiolojia Julian Huxley, ambaye baadaye angekuwa Mkurugenzi Mkuu wa kwanza wa UNESCO, aliingia upande wa mwindaji. Ikawa kashfa: ofisa mkubwa wa koloni anabishana hadharani na rafiki wa mwanamfalme, na Waingereza wanasoma huku wakinywa chai.

Aliyeshinda ni Finch Hatton. Mwaka huohuo wa 1929 sehemu ya Serengeti iliwekwa chini ya hifadhi kamili ya wanyamapori. Mwaka 1930 alimchukua tena mwanamfalme, na safari hiyo kamera zilipewa nafasi kubwa. Mei 1931 ndege yake ndogo ilianguka Voi, akafariki.

Wheeler anampenda shujaa wake, na ni rahisi kumpenda. Lakini kuna jambo ambalo sifa hizo hulifunika. Finch Hatton alipinga bunduki ndani ya gari, ila gari lenyewe hakuligusa. Lilikuwa chombo chake cha kazi, na baada ya ushindi wake likawa na heshima mpya: gari la mtu muungwana, aliyebeba kamera, mwenye ruhusa ya kwenda popote mradi asiue. Picha ya dereva mwema wa porini ilizaliwa hapo, na aliyeichora alikuwa na biashara ya kuwapeleka watu porini.

Kasoro ya pili ni kwamba mabishano yote yalikuwa ya Mwingereza na Mwingereza. Wanata, Waikoma na Wakuria, waliowinda magharibi mwa nyika hiyo kwa mishale na mitego, walikuwemo katika habari hizo kama wabeba mizigo, na baadaye kama wahalifu.

Mambo yaliyofuata yanajulikana. Kapteni Monty Moore, aliyekuwa na nishani ya Victoria Cross, alipewa kituo cha Banagi mwanzoni mwa miaka ya 1930. Uwindaji ukapigwa marufuku, hifadhi ya taifa ikatangazwa, na mwaka 1959 Ngorongoro ikatengwa na Wamaasai wakahamishwa kutoka Serengeti. Mwaka huohuo Bernhard Grzimek alitoa filamu iliyoifanya Serengeti ijulikane duniani, baada ya mwanawe Michael kufariki kwa ajali ya ndege wakihesabu wanyama. Septemba 1961 Mwalimu Nyerere alitoa Azimio lake la Arusha kuhusu wanyamapori, na mwaka 1981 UNESCO ikaiingiza Serengeti katika Urithi wa Dunia.

Kwa Turner, gari ni silaha ya askari. Land Rover zake zinakimbizana na majangili wa ukanda wa magharibi, zinakwama kwenye tope la mfinyanzi, zinachimbuliwa kwa koleo na kwa mikono ya askari ambao wengi wao kitabu kinawapitia haraka. Anayeacha njia ili kumkamata jangili ni shujaa. Msomaji anayetaka kujua tairi zilifanya nini kwa nyasi atafute kwingine.

Kampuni za matangazo ziliichukua picha hiyohiyo. Mashindano ya Camel Trophy, yaliyobeba jina la sigara, yalitumia Land Rover za manjano zilizozama kwenye tope la misitu. Mwaka 1991 yalipita kwetu, kutoka Dar es Salaam hadi Bujumbura. Miaka 2 baadaye huko Sabah, Malaysia, washiriki walijenga kambi ya utafiti msituni, dalili kwamba tope tupu lilikuwa limeanza kuwaaibisha. Wakenya walishawatangulia. Rhino Charge, mashindano yao ya magari ya kuchangia uhifadhi, ilianza Februari 1989 kwa magari 31. Anayeshinda ni yule anayepita vituo vyote kwa umbali mfupi zaidi, na michango ilisaidia kujenga uzio wa karibu kilomita 400 kuzunguka msitu wa Aberdare, uliokamilika mwaka 2009. Ni kazi ya kujivunia. Lakini mara nyingi magari hayo hukanyaga ardhi kavu ya wafugaji kwingine ili msitu wa Aberdare upone.

Leo kanuni za Serengeti zinakataza kuacha njia bila kibali. Sababu zake haziishii kwenye nyasi. Mtafiti Femke Broekhuis aliwafuatilia duma wa Maasai Mara, na mwaka 2018 akaonyesha kwamba penye watalii wengi duma jike alikuza wastani wa mtoto 0.2 kwa kila uzazi, na penye watalii wachache 2.3. Duma huwinda mchana, na gari linalomkaribia linaweza kumpotezea windo.

Hata hivyo marufuku ina milango. Katika eneo la Grumeti, upande wetu huu wa ziwa, wageni wa hoteli za kifahari huruhusiwa kutoka nje ya njia kumfuata mnyama, kwa masharti. Huko kunaitwa kuendesha kwa uangalifu. Dereva wa gari la kukodi aliyefanya hivyohivyo ng'ambo ya mpaka, ndani ya hifadhi ya taifa, ameivunja sheria.

Ndiyo maana lawama zile za Julai zilikuwa nusu tu ya haki. Mwaka 2024 Tanzania ilipokea wageni wa nje zaidi ya milioni 2, na kila mmoja aliahidiwa simba wa karibu. Dereva hutegemea bakshishi, na bakshishi hutegemea picha. Mgeni akisema "sogea kidogo", mwenye kampuni yuko mbali, askari yuko mbali zaidi, na ada ya shule ya mtoto iko karibu.

Tangu Juni 2025 Daraja la J.P. Magufuli limeunganisha Kigongo na Busisi, na njia ya kwenda Chato na hifadhi changa ya Burigi-Chato, iliyotangazwa mwaka 2019, imefupika. Rubondo, kisiwa cha msitu ambacho ni hifadhi tangu 1977, imezoea wageni wa miguu na boti. Huko tabia bado hazijaota mizizi. TANAPA iweke idadi ya magari kwa kila njia kabla hoteli hazijajengwa, imtoze faini mwenye kampuni kabla ya dereva wake, na mshahara wa dereva utoshe bila bakshishi. Miaka 97 baada ya barua za Finch Hatton, bado tunamwachia aliyeshika usukani kazi ya kutulindia nyika, na bado anayelipwa zaidi kwa kuisogelea ni mwingine.