Betri moja, vifaa vingapi? Hesabu ya umeme wa betri nyumbani, shambani na kambini

Umeme wa REA umefika katika vijiji vingi vya wilaya za Tarime na Serengeti, lakini mara nyingi nguzo huishia senta na kando ya barabara. Kaya zilizo mbali, walinzi wa mashamba, wafugaji na wenye vibanda vya kunyolea bado wanategemea betri na paneli ya sola. Ndivyo ilivyo hata kwa kambi nyingi za mahema ya watalii zinazohama na nyumbu ndani ya Hifadhi ya Serengeti.

Malalamiko ya watumiaji wa betri hufanana: betri ni kubwa, paneli ipo, lakini taa zinafifia saa nane usiku. Kwa mwenye shamba la mahindi Robanda au Machochwe, saa hiyo ndiyo tembo huweza kuwa mpakani mwa shamba, na taa ikizima mavuno yanaondoka. Makala hii inaeleza betri inabeba kiasi gani, inaendesha nini, na kwa nini nyingi hufa mapema.

Betri ni kama simtanki

Fikiria simtanki la maji. Ukubwa wa tanki ni kiasi cha umeme ambao betri inaweza kutunza. Bomba linaloingiza maji ni paneli, na mabomba yanayotoa ni taa, redio na runinga. Ukitoa kwa siku maji mengi kuliko yanayoingia, tanki litakauka tu, hata liwe kubwa kiasi gani.

Ubavuni mwa betri kuna namba mbili za kuangalia. Ya kwanza ni volti, ambayo kwa betri nyingi za nyumbani na za gari ni 12. Ya pili ni ampea-saa, inayoandikwa kwa herufi Ah. Zidisha hizo mbili upate wati-saa, yaani ukubwa wa tanki lako. Betri ya volti 12 na Ah 100 ina wati-saa 1,200.

Lakini usizihesabu zote. Betri ya risasi na asidi inayochotwa hadi chini hufa haraka, kwa hiyo tumia nusu tu. Betri ya Ah 100 ihesabu kuwa na wati-saa 600 za matumizi, na ya Ah 70 ihesabu 420.

Piga hesabu ya nyumba yako

Kila kifaa kimeandikwa wati zake nyuma au kwenye chaja. Zidisha wati kwa saa unazokitumia kwa siku. Huu hapa mfano wa kaya moja:

- Taa 4 za LED za wati 5, saa 5 kila usiku: wati-saa 100
- Redio ya wati 5, saa 6: wati-saa 30
- Simu 3, kila moja wati-saa 12: wati-saa 36
- Runinga ya volti 12 ya wati 30, saa 4: wati-saa 120
- King'amuzi cha wati 12, saa 4: wati-saa 48

Jumla ni wati-saa 334 kwa siku. Betri ya Ah 100 yenye wati-saa 600 za kutumia inatosha usiku mmoja, na inabaki na akiba ya karibu siku nyingine. Betri ya Ah 70 inatosha usiku huo mmoja, lakini siku ya pili bila jua utakaa gizani.

Sasa angalia kinachoingia. Mara iko karibu na ikweta, na siku yenye jua zuri paneli ya wati 100 huingiza wati-saa 400 hivi baada ya kutoa zinazopotea njiani. Zinatosha kaya hii. Siku za mawingu, hasa masika na vuli katika milima ya Tarime, zinaweza kushuka hadi 200 au chini yake. Hapo unakosa wati-saa 134 kila siku, na akiba ya 600 itakuvusha siku nne tu. Mawingu yakizidi hapo, punguza runinga mapema ili taa zibaki.

Inveta inakula hata ukiwa umelala

Inveta hugeuza umeme wa betri uwe kama wa TANESCO wa volti 230. Wengi huiwasha asubuhi na kuisahau. Inveta ya wati 1,000 inaweza kula wati 10 bila kuendesha chochote. Kwa saa 24 hizo ni wati-saa 240, nyingi kuliko runinga na king'amuzi kwa jioni nzima katika mfano wetu.

Tena, inapofanya kazi hupoteza sehemu ya kumi au zaidi ya umeme unaopita ndani yake. Kwa hiyo nunua taa, runinga, feni na chaja za simu zinazotumia volti 12 moja kwa moja, na inveta iwashwe kwa kifaa kisicho na njia nyingine, kisha izimwe.

Vifaa vya joto ni adui wa betri

Kifaa chochote kinachotengeneza joto hula umeme mwingi: pasi, birika, hita ya maji, jiko la umeme. Pasi ya wati 1,000 kwa nusu saa inachukua wati-saa 500, karibu akiba yote ya betri ya Ah 100. Isitoshe, inavuta zaidi ya ampea 80 kwa wakati mmoja, na betri ya risasi inayovutwa kwa nguvu hivyo hutoa kidogo kuliko kilichoandikwa ubavuni. Kunyoosha sare za shule, pasi ya mkaa bado ina kazi yake.

Mashine ya kunyolea ni habari tofauti. Nyingi hula wati 10 hadi 15, na kinyozi anayefanya kazi saa 6 kwa siku hatumii zaidi ya wati-saa 90. Ndiyo maana kibanda cha kinyozi huenda vizuri kwa betri moja na paneli ndogo.

Je, friji inawezekana?

Inawezekana, ila si friji yoyote. Friji ya kawaida ya dukani huhitaji inveta, na mota yake inapoanza huvuta umeme mara kadhaa ya wati zilizoandikwa, ndiyo maana inveta ndogo hulia na kuzima. Friji ndogo ya volti 12 yenye kompresa, kama zile zinazobebwa kwenye magari ya watalii, hula wati 40 hadi 60 inapozunguka, na huzunguka karibu theluthi hadi nusu ya muda. Kwa siku hesabu wati-saa 400 hadi 600.

Maana yake ni kwamba friji peke yake inamaliza betri ya Ah 100 kwa siku moja. Mwenye duka anayetaka kuuza soda baridi ahesabu paneli za wati 200 au zaidi na betri mbili, kabla ya taa na simu. Iweke kivulini, acha nafasi nyuma yake hewa ipite, na ingiza soda asubuhi ili kazi nzito ifanyike jua likiwa juu.

Betri ya gari si betri ya sola

Kwa macho zinafanana, lakini kazi zake ni mbili tofauti. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache kuwasha injini, kisha ichajiwe papo hapo. Ikichotwa hadi chini kila usiku inaweza kufa ndani ya miezi. Betri ya sola ina sahani nene ndani yake, zinazovumilia kutoa kidogo kidogo kwa muda mrefu.

Magari ya safari yanaonyesha tofauti hiyo. Yenye friji na sehemu za kuchajia kamera hufungwa betri ya pili, iliyotenganishwa na ile ya kuwasha injini. Dereva akilala porini na friji ikimaliza betri ya pili, asubuhi gari bado linawaka. Ukichomeka redio kubwa au taa kwenye betri pekee ya gari lako, fahamu unachohatarisha.

Siku hizi kuna betri za lithiamu pia. Bei yake ni kubwa, lakini unaweza kutumia asilimia 80 au zaidi ya kilichomo, na hudumu kwa kuchajiwa mara maelfu. Sharti ni kwamba kontrola ya chaji, kile kiboksi kati ya paneli na betri, iwe na mpangilio wa lithiamu.

Dukani, uzito husaidia kukagua. Betri ya risasi ya Ah 100 kwa kawaida ina kilo 25 hadi 30. Ukiinyanyua kwa mkono mmoja bila shida, kilichoandikwa ubavuni si kilichomo ndani.

Pima kabla haijachelewa

Mita ndogo ya kupimia volti inaokoa fedha nyingi. Pima betri ya risasi alfajiri, vifaa vyote vikiwa vimezimwa kwa muda na jua halijapanda:

- Volti 12.7: imejaa
- Volti 12.4: robo tatu
- Volti 12.2: nusu, acha kutumia
- Volti 12.0: robo, unaiua
- Volti 11.8: imekwisha

Ikilala chini ya nusu siku nyingi bila kujazwa, sahani za ndani huota chumvi ngumu na uwezo haurudi tena. Betri unayokusudia kuipumzisha ijaze kwanza, kisha ichaji tena kila mwezi.

Waya mwembamba, taa hafifu

Kwenye volti 12, waya ni muhimu kuliko kwenye umeme wa TANESCO, kwa sababu wati zilezile zinahitaji ampea nyingi zaidi. Chukua runinga na taa zinazovuta ampea 5, mita 10 kutoka kwenye betri. Kwa waya wa shaba wa milimita za mraba 1.5, zaidi ya volti 1 inapotea njiani. Kwa waya wa 2.5 inapotea volti 0.7. Betri ikiwa na volti 12, runinga inapata chini ya 11 na inaweza kuzima, nawe ukadhani betri imekufa. Sogeza betri karibu na vifaa, au nunua waya mnene.

Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha ya chanya ya betri. Waya mbili zikigusana bila fyuzi, betri humwaga mamia ya ampea na waya kuwa mwekundu kama kaa. Katika nyumba ya nyasi, familia inaweza kupoteza kila kitu kwa dakika chache. Usiweke msumari wala waya badala ya fyuzi.

Betri isikae uvunguni

Kuficha betri chini ya kitanda kunaikinga na wezi, lakini ni hatari. Betri ya asidi inapochajiwa hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo hulipuka kwa cheche moja. Iweke penye hewa, mbali na koroboi, jiko na sigara, na watoto wasiifikie.

Kinachopungua ndani ya betri ya kujaza ni maji, asidi hubaki. Ongeza maji safi ya betri tu, yafunike sahani. Usiongeze asidi, na usitumie maji ya kisima au ya mto, kwa kuwa madini yaliyomo huharibu sahani. Asidi ikirukia jicho au ngozi, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 20 au zaidi, kisha nenda kituo cha afya.

Betri iliyokufa bado ina sumu

Ndani ya betri kuna madini ya risasi, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiasi kidogo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliwaathiri wakazi hadi kikafungwa mwaka 2014. Phyllis Omido, aliyeongoza madai yao, alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamua wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufaa Mahakama ya Juu ya Kenya ilirudisha uamuzi huo Desemba 2024.

Kwa hiyo usivunje betri uwanjani, usimwage asidi yake kwenye mfereji, na usiyeyushe risasi kutengeneza vizito vya nyavu. Iuze ikiwa nzima kwa mnunuzi mwenye kibali. Taka hatarishi kama hizi husimamiwa na NEMC.

Kwa kifupi

- Jumlisha wati-saa za siku kabla ya kwenda dukani.
- Hesabu nusu tu ya betri ya risasi.
- Zima inveta usiyoitumia.
- Pasi na birika visiguse betri.
- Elekeza paneli kaskazini, ilale kidogo tu ili mvua iisafishe, na ifute vumbi kiangazi.
- Usiunganishe betri mpya na ya zamani; ile mbovu huivuta nzima chini.
- Usiku wa ulinzi shambani, taa ziwe na betri yake, runinga isiiguse.