Mimba na huzuni isiyoisha: si tabia mbaya, ni ugonjwa

Huku Iga Barrière, kwenye barabara ya taifa namba 27 kaskazini mwa Bunia, mama mwenye mimba akinyamaza siku nyingi watu wanasema: "Ni mimba inamusumbua," ao "anamukasirikia bwana yake." Pengine ni kweli. Lakini kama huzuni imepita wiki mbili, hakuna tena kitu kinamufurahisha, usingizi umekatika na anajiona hana maana, hapo ni ugonjwa. Wanganga wanauita depresioni.

OMS inakadiria kama katika nchi zinazoendelea, wanawake karibu 16 kwa 100 wanapata ugonjwa wa akili wakati wa mimba, zaidi sana depresioni. Kisha kuzaa wanafika karibu 20 kwa 100. Kukimbia vita, kufiwa, njaa, kupigwa nyumbani, vyote vinaongeza hatari. Na Djugu imejua kukimbia tangu mwisho wa 2017.

Uchunguzi wa nchi nyingi unaonyesha kama wamama hawa wanazaa mara nyingi zaidi mbele ya wiki 37. Si kusema kila mmoja wao atazaa mbele ya wakati, hapana. Mawazo ya muda mrefu yanapandisha homoni za mwili, kama kortisoli, na wanasayansi wangali wanachunguza namna zinagusa tumbo la uzazi. Lakini kuna njia ingine, na kwangu hiyo ndiyo inatuhusu zaidi: mama aliyechoka roho hali vizuri, haendi CPN. OMS inaomba mara 8 kwa kila mimba. Akikosa, malaria, upungufu wa damu na tension ya juu vinabaki bila kuonekana, na vyenyewe vinaweza kuleta uzazi wa mapema.

Kwenye CPN wanapima kilo, tension, tumbo. Roho, mara nyingi hakuna anayeiuliza. Lakini mkunga anaweza kuanza na maulizo mawili tu: katika mwezi huu umekuwa na huzuni ao kukosa tumaini? Umepoteza hamu ya mambo uliyoyapenda? Kama hakuulizi, mama, sema mwenyewe.

Dawa ya kwanza mara nyingi ni mazungumzo. Uganda, mwaka 2002, vijiji 30 vya Rakai na Masaka vilijaribiwa: nusu yao, watu wenye depresioni walikutana kwa kikundi kila wiki, wiki 16, wakiongozwa na wenyeji waliofundishwa, si wanganga. Wengi walipona kuliko wale wasiokuwa na kikundi.

Vidonge vya usingizi vya kununua njiani, usimeze. Na kama ulishaanzishwa dawa, usiache bila kuuliza munganga.

Mama akisema anataka kufa, asibaki peke yake hata saa moja, mumupeleke hospitali. Vilevile kama tumbo linakaza na kulegea kila mara, maji yanatoka ao damu, na miezi haijatimia: muende siku ile ile, hata usiku kama njia inapitika.